Imani, Maradhi na Shukrani katika Misheni ya Rabai, 1844–1876

Historia ya mwanzo wa Ukristo wa Kiprotestanti katika pwani ya Kenya imezoeleka kusimuliwa kama historia ya safari, kwa sababu wamisionari wake wa kwanza ndio Wazungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya. Hata hivyo, misheni ya Rabai katika miaka yake 30 ya kwanza ilikuwa kwa sehemu kubwa makao ya wagonjwa na wafiwa, ambao waliendelea kumshukuru Mungu ilhali karibu kila walichokitarajia kilikuwa kimewaponyoka. Shukrani hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwani haikutokana na mafanikio, wala wenyewe hawakuificha huzuni yao ili wapate kushukuru.

Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810, na Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka 1820, wote wawili walitoka Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na kupata mafunzo yao katika chuo cha wamisionari cha Basel nchini Uswisi, kisha wakaajiriwa na Church Missionary Society, chama cha kimisionari cha Kianglikana kilichoundwa London mwaka 1799. Nchi yao ilikuwa kitovu cha Upietisti, yaani harakati ndani ya Kanisa la Kilutheri iliyosisitiza toba ya moyo, usomaji wa Biblia nyumbani na uchaji wa kila siku kuliko mabishano ya kitheolojia. Katika malezi hayo mwamini alifundishwa kuyapima maisha yake mbele ya Mungu kila siku, mara nyingi kwa kuandika shajara, na kuyapokea maradhi kama mahali pa kujaribiwa imani. Ndiyo maana maandishi ya watu hawa yanataja homa, machozi na shukrani katika ukurasa mmoja bila kuona kwamba kimoja kinakibatilisha kingine.

Jaribu la kwanza lilikuja mapema. Krapf, ambaye tayari alikuwa amefukuzwa katika kazi yake ya Ethiopia, alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1844, akapewa na Sultani Seyyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, kisha akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mama huyo alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye akashikwa na homa kali, wakati mumewe naye alikuwa kitandani kwa homa hiyohiyo. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki, naye Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba aliinuka kwa shida kuhakikisha kwamba mkewe amekufa kweli. Muda mfupi baadaye mtoto naye alimfuata mama yake. Kwa mujibu wa Krapf, mkewe aliomba kabla ya kufa kwa ajili ya jamaa zake, kazi ya misheni na Sultani mwenyewe, na alitaka azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia sababu iliyomleta. Krapf aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuanza kwa kazi, akiwahimiza walete watu wengine badala ya kuiacha pwani.

Rebmann aliwasili mwaka 1846, na mwezi Agosti wawili hao wakahamia Rabai, karibu na Mombasa, kwa idhini ya wazee wa kaya, yaani baraza lililotawala kijiji chenye boma ndani ya msitu, kama ilivyokuwa desturi ya Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika. Siku ya kuhamia wote wawili walikuwa na homa. Chanzo cha malaria hakikujulikana hadi mwishoni mwa karne hiyo, kwa hiyo ugonjwa huo ulirudi tena na tena. Mtu wa kwanza wa Rabai kuipokea imani waliyoihubiri alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa akiishi na maumivu ya mwili tangu kabla hawajaja, ambaye alibatizwa alipokuwa akikaribia kufa. Hivyo misheni haikupata mwanzo wake kwa mtawala wala tajiri, bali kwa mtu aliyeyajua mateso kuliko walimu wake, na ni haki kusema kwamba historia ya uvumilivu wa Kikristo mahali hapo ni yake kama ilivyo yao.

Miaka iliyofuata ilileta hasara juu ya hasara. Johannes Wagner, aliyefika mwaka 1849, alifariki mwaka huohuo, na Christian Pfefferle, aliyefika mwaka 1851, naye hakuishi muda mrefu. Rebmann, ambaye tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, alirudi Machame, kwenye mlima huo, mwaka 1849 kwa nia ya kusonga mbele hadi Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga, mtawala wa huko, akamnyang'anya karibu vitu vyote, na safari ikaishia hapo. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki, aliikanusha habari ya theluji hadharani kwa miaka mingi. Mwaka 1851 Krapf aliponea chupuchupu karibu na Mto Tana, baada ya mwenyeji wake Kivoi, kiongozi wa Wakamba, kuuawa na wanyang'anyi, akalazimika kutembea usiku kwa njaa na kiu, huku akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Afya yake ilipovunjika, aliondoka mwaka 1853, na ndoto yake ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari ikabaki kwenye karatasi.

Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, akampoteza mtoto wake akiwa mchanga, kisha mwaka 1866 mkewe, Emma, huku waumini wakibaki wachache mno. Alielekeza nguvu zake katika lugha, akakusanya maneno ya Kinyika, Kiswahili na Kinyasa hadi macho yake yakafifia, na hatimaye akawa kipofu. Mwaka 1875 aliondoka Rabai akisindikizwa na Mkristo wa hapo, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 1876, akafariki Korntal, kijiji cha Wapietisti.

Mwaka uleule alioondoka, makao ya watumwa waliokombolewa yalianzishwa Freretown, karibu na Mombasa, na Rabai nayo ikapanuka kwa watu wa namna hiyo pamoja na watoro waliokimbilia huko, wakihudumiwa na Waafrika kama William Jones, aliyekuwa mtumwa hapo awali. Wako wanaoutumia ukuaji huo kuonyesha kwamba mateso ya awali yalilipwa, lakini hoja hiyo inawapunja wahusika, kwa kuwa Rosine, Mringe na Rebmann hawakuyaona matunda hayo, na shukrani yao haikuyangojea. Pia ni lazima kukiri kwamba hawakuyashukuru mauti na maradhi yenyewe. Waliyalilia, wakayaandika waziwazi, wakatafuta dawa. Walichoshukuru ni kwamba Mungu hakuwaacha ndani ya mateso hayo. Tofauti hiyo kati ya kushukuru kwa ajili ya maumivu na kushukuru katikati ya maumivu ni urithi mkubwa wa Rabai kwa Kanisa la Afrika ya Mashariki, maana inamruhusu mgonjwa alie bila kuhesabiwa kuwa amekosa imani, na inamwezesha aliyeshindwa kuendelea na kazi yake bila kudai kwanza aonyeshwe mwisho wake.