Baridi ya Likasi: mambo ambayo familia inaweza kufanya pasipo theluji

Mwezi wa sita ukianza, kule Buluo, upande wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, mablanketi yanatoka ndani ya masanduku na watoto wanavaa nguo mbili-mbili kabla ya kutoka inje. Watu wengi wa majimbo mengine wanajua jina la Buluo kwa sababu ya gereza lake tu. Lakini Buluo ni mahali pa wakaaji pia, iko na familia, na watoto wa familia hizo wanaingia vakansi kubwa mwanzo wa mwezi wa saba, mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Vakansi inaangukia moja kwa moja ndani ya baridi. Kila mwaka wazazi wanarudilia ulizo lile lile: watoto watafanya nini siku hizi zote?

Kwa msikilizaji wa Kisangani ao wa Kindu, kusema «baridi» juu ya Kongo ni kama mzaha. Likasi iko karibu mita 1300 juu ya bahari, mbali kusini mwa ikweta. Mvua inakatika mwezi wa ine ao wa tano, mbingu zinabaki wazi, na joto la mchana linapanda lote usiku. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mapema, kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Saa sita ya mchana jua linawaka na makoti yanatundikwa. Juu zaidi, kwenye nyanda za Biano na Kundelungu, kuna asubuhi ambapo umande unaganda na majani yanakuwa meupe. Hiyo si theluji, ni jalidi, na inayeyuka mbele watu wamalize chai.

Inchi za theluji nazo

Kwenye televizio, baridi ya Ulaya ni watu wanaoshuka mlima mbio wakisimama juu ya mbao mbili. Kumbe hiyo ni sehemu moja tu, tena ilikuja nyuma. Kule St. Moritz, katika milima ya Uswisi, wanasimulia kwamba mwenye hoteli Johannes Badrutt, mwaka wa 1864, aliwaambia wageni wake Waingereza warudi wakati wa baridi, na kama hawatafurahi atawalipia safari. Walirudi. Hawakuja kushuka mlima na mbao. Walikuja kupata jua, kutembea, kuteleza juu ya barafu ya ziwa, na kushuka vilima wakikaa juu ya kigari kisicho na magurudumu. Mtu wa Goma ataelewa haraka: ni kama chukudu iliyotolewa magurudumu.

Mpaka leo, familia nyingi zinazokwenda katika miji hiyo ya milima haziteremki na mbao hata kidogo. Kuna mtoto wa miaka miwili, kuna nyanya mwenye magoti mabovu, kuna baba asiyekuwa na pesa ya kukodisha vyombo na kulipa mwalimu. Wao wanatembea kwenye njia zilizotengenezwa, wanavaa viatu vipana visivyozama ndani ya theluji, wanakaa ndani ya mpira wa motokari wakitelezeshwa, ao wanakwenda na mbao nyembamba kwenye tambarare, polepole ao mbio kadiri ya nguvu. Mchezo huo wa tambarare ndio Mkenya Philip Boit, aliyekuwa kwanza mkimbiaji, aliufanya kwenye Michezo ya Olimpiki ya baridi ya Nagano mwaka wa 1998. Alifika wa mwisho katika kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngojea kwenye mstari ili amkumbatie, na Boit akampa mtoto wake jina la Daehlie.

Afrika yenyewe haiko mbali na mambo haya. Lesotho iko na kituo cha theluji, Afriski, juu ya mita 3000 katika milima ya Maluti, na kinafanya kazi miezi ile ile ambayo Likasi inatetemeka. Nairobi ilipata uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari mwaka wa 2005, na vijana wa pale wakaanzisha timu ya hoki. Mwaka huo huo Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanapita kununua mali, ilifungua mlima wa theluji ndani ya jumba la maduka. Ni starehe ya bei, na kwa mkaaji wa Kikula ao wa Panda ni ya kuangalia kwenye simu.

Theluji ya Kongo yenyewe iko Ruwenzori, mpakani na Uganda, katika Kivu ya Kaskazini. Kilele cha Margherita kinafika mita 5109, cha tatu kwa urefu Afrika nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Mtu wa ukoo wa mfalme wa Italia, mtemi wa Abruzzi, alikipanda mwezi wa sita 1906. Wakati ule barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilomita mraba 6,5. Mwaka wa 2003 wachunguzi walikuta chini ya kilomita mraba moja. Njia ya upande wa Kongo inaanzia Mutwanga, katika teritware ya Beni, na kwa sababu ya vikundi vya silaha si safari ya kupangia watoto. Ni huzuni kuandika hivyo juu ya mlima mzuri kama ule, lakini ndivyo hali ilivyo.

Mbabula: mbele ya michezo yote

Huko Likasi jambo la kwanza la baridi si matembezi, ni moto. Jioni mbabula inawashwa inje, watu wanaizunguka, viazi vitamu na muhogo vinachomwa, karanga zinakaangwa. Wazee wanatoa hadithi na vitendawili, wengine wanacheza kisolo, na mtoto anayesinzia anafunikwa kitenge. Kama kuna «kazi ya familia» ya baridi katika Katanga, ni hii, na haiombi franka nyingi.

Hatari inakuja saa ya kulala. Makala bado mekundu, hayatoi tena moshi, nyumba ni ya baridi, mama anaona vibaya kuyaacha yapotee bure. Mbabula inaingizwa chumbani, mlango unafungwa, nguo zinawekwa chini ya mlango ili upepo usipite. Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyokuwa na harufu, rangi, wala ladha. Inakaa ndani ya damu pale ambapo oksijeni ingekaa. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kisha usingizi. Anayekuwa amelala tayari hasikii kitu. Mtoto mdogo, mama mwenye mimba na mzee wanaumizwa haraka zaidi. Watu wa nje, wakikuta familia nzima imekufa bila kidonda, wanaanza kutafuta mchawi ao mwenye kutia sumu ndani ya bukari, na jirani asiye na kosa anaingia matatani.

Kama watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja na mbabula iko ndani, wasilale wakingojea asubuhi. Milango na madirisha yafunguliwe, wote watoke inje, mbabula itolewe, na yule aliyelegea ao aliyezimia apelekwe hospitali mara moja, akielezwa wazi kwamba kulikuwa na makala. Maziwa ao mafuta ya ngazi hayaondoe hewa hiyo ndani ya damu. Juu ya kulala na joto, kuna chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, soksi, kofia, na watoto kulala pamoja chini ya blanketi moja. Kufungua dirisha kidogo huku mbabula ikibaki ndani, kama wengine wanavyofanya, si kinga ya kutegemea.

Ziwa la Kapolowe na maporomoko

Matembezi yanayojulikana zaidi na watu wa Likasi ni upande wa mashariki, kwenye ziwa Tshangalele, ambalo wengine wanaliita ziwa la Lufira. Si ziwa la asili. Union Minière ilifunga mto Lufira pale Mwadingusha, palipokuwa maporomoko yaliyoitwa Cornet, na tangu 1930 maji yale yanatoa umeme wa viwanda vya shaba. Maji yaliyorudi nyuma yakafunika bonde na kuwa ziwa pana lisilo na kina kirefu, na Kapolowe ikawa mji wa samaki. Mwaka wa 1982 UNESCO iliandika bonde la Lufira kati ya hifadhi zake za viumbe.

Wakati wa baridi ziwa linapendeza sababu njia ni kavu, maji yanapunguka polepole, na ndege wanakusanyika kwenye matope na matete. Asubuhi, mbele ya upepo, mtoto anaweza kuhesabu aina za ndege kuliko alizoona mwaka mzima mjini. Kuangalia wavuvi wakirudi, kununua samaki pale pale na kuichoma, kula pamoja kwenye mkeka: siku imejaa.

Kuogelea ni jambo lingine. Maji yanayotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono wa bilharzia, na mtoto anaambukizwa kwa kusimama tu ndani ya maji. Mamba na viboko hawatoe taarifa. Tena kuna mambo ya migodi: uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, uliotangazwa mwaka wa 2009, ulikuta kobalti na metali zingine kwa wingi usio wa kawaida ndani ya mikojo ya watu waliokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watoto zaidi ya wakubwa. Mito inayoshuka toka Likasi inakwenda Lufira. Basi, miguu ibaki kwenye pirogue ao kwenye mkeka, na anayepanda pirogue achague mvuvi anayejua ziwa, asubuhi, wasijazane.

Vilima vya mjini

Likasi ni mji wa vilima, na mtoto wa vilima haombi mwalimu wa kuteleza. Kipande cha bido ao cha katoni kinatosha pale majani yamekauka. Wenye kinga wanapanda na kushuka. Wengine wanatengeneza motokari za waya zenye usukani mrefu, na mwezi wa nane, upepo ukiongezeka, wanarusha tiara za plastiki. Mzazi anaweza kudharau michezo hii kwa sababu haina bei. Angalia lakini ile motokari ya waya: iko na ekseli, usukani unaozungusha magurudumu ya mbele, mara nyingine na taa. Ni kazi ya makanika.

Kinachoomba macho ya mzazi ni mahali. Mlima mzuri wa kutelezea usiwe lundo la udongo uliotupwa na migodi ao viwanda, kwa sababu vumbi lake linaingia puani na kwenye chakula. Mashimo ya zamani yenye maji yana kingo zinazobomoka. Na Shinkolobwe, huko magharibi, mahali palipotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima, si pa kutembeza mtu: serikali ilipafunga mwanzo wa 2004, na mwezi wa saba mwaka huo huo shimo liliporomoka juu ya wachimbaji na kuua watu.

Kwa wenye gari na siku tatu, kuna hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Maji ni mengi wakati wa mvua lakini njia inakufa. Mwezi wa sita maji bado yanaonekana vizuri na gari linapita. Upemba, ya tangu 1939, iko na pundamilia, ambao mahali pengine Kongo hawapatikane. Kote kuwili, ulizia kwanza ofisi ya ICCN Lubumbashi juu ya usalama na njia, na beba mablanketi zaidi ya yale ya nyumbani, kwa kuwa kule juu usiku ni mwingine.

Kalenda nayo inasaidia. Tarehe 30 mwezi wa sita ni sikukuu ya uhuru. Mwisho wa mwezi wa saba, ngambo ya mto Luapula, Walunda wa Mwata Kazembe wanafanya Mutomboko, ngoma ya kukumbuka safari ya babu zao kutoka Kongo, na ndugu wa upande huu wanavuka kwenda kuitazama. Tarehe 1 mwezi wa nane ni siku ya wazazi: asubuhi familia zinakwenda makaburini kusafisha na kuweka maua, mchana zinarudi kula na wazee walio hai. Kwa mtoto wa mjini asiyejua jina la babu yake wa tatu, asubuhi ile makaburini inafundisha mengi.

Anayepika inje ya mji mwezi wa nane achague mahali pasipo majani makavu, afagie kuzunguka moto, na mbele ya kuondoka amwage maji juu ya makala, achanganye na udongo, ayaguse na mkono kuona kama yamepoa. Upepo wa majira hayo unabeba cheche moja mpaka kwenye shamba la muhogo la mtu mwingine.