Barua za Vita na Mikono Iliyoziandika: Unguja, 1914–1918

Mwanahistoria wa Kanisa atakaye kusikia sauti ya kijana aliyetoka Unguja kwenda katika Vita Kuu ya Kwanza hukutana na tatizo tangu mwanzo. Barua zilizohifadhiwa na kuchapwa ni za wakubwa: maaskofu, makamanda, maofisa. Kijana aliyebeba sanduku la risasi kichwani aghalabu hakuacha maandishi, au aliyaacha kwa mkono wa mtu mwingine.

Vita vilifika Unguja Jumapili alfajiri, tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga mizinga hata ikazama. Mabaharia 38 walikufa. Baadhi yao walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, na makaburi yao yangaliko.

Lakini jeraha la Kanisa lilikuwa jingine. Dayosisi ya Zanzibar ya misheni ya UMCA ilikuwa na kanisa lake kuu Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, chini ya himaya ya Waingereza. Na Wakristo wake wengi walikaa pande za Magila na Masasi, katika koloni la Wajerumani. Kijana wa Kibondei au wa Kiyao aliyesoma Kiungani alijikuta ghafula ng'ambo ya mpaka wa vita. Huko bara baadhi ya walimu na makasisi Waafrika wa misheni hiyo walikamatwa, wakafungwa Tabora hata Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916.

Mwaka huo huo Askofu Frank Weston, aliyewahi kuwa mkuu wa Kiungani, alikusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao bara kwa cheo cha meja. (Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi, ingawa anayenunua ndizi sokoni halifikirii.) Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Je, watu hawa walipelekaje habari nyumbani? Unguja haikuwa nchi isiyojua barua. Vyuo vya Kurani vilifundisha herufi za Kiarabu, na Kiungani ilifundisha herufi za Kirumi. Asiyejua kuandika alimwambia mwenziwe, na mama asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu. Msomaji wa Agano Jipya asishangae. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye akatia salamu zake mwenyewe (Rum. 16:22), wala hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo si wa Paulo.

Wanafunzi wetu huziruka salamu ndefu za barua za kale, wakitafuta "habari yenyewe." Nadhani hapo wanapotea. Kwa mama aliyekaa Ng'ambo akingoja, salamu ndiyo habari yenyewe: siku ile mwanawe alikuwa hai, na alimkumbuka kila mtu wa nyumbani kwa jina.

Barua ya vita ijulikanayo sana kutoka Unguja ni ya Weston, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts iliyochapwa mwaka 1918, yenye kuushtaki utawala wa Kijerumani. Sisi Walutheri, ambao wazee wetu walibatizwa na wamisionari wa Berlin, Betheli na Leipzig, twaisoma kwa uchungu, na wako wanaoitupa kuwa ni propaganda ya vita. Sikubaliani nao. Mwaka 1920 kalamu ile ile iliwashambulia Waingereza kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa katika Afrika ya Mashariki. Mtu huyu alikuwa amekwenda bara pamoja na wapagazi. Hata hivyo anayesema ni askofu, nao wapagazi wamo ndani ya maneno yake kama Tertio asiyepewa nafasi ya kutoa salamu.

Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawakumbuka askari na wapagazi pamoja, bila kumtaja mtu. Basi mwanafunzi aendaye likizo akikuta nyumbani barua za miaka ile, kwa herufi zozote, asiache zichomwe pamoja na karatasi za marehemu. Azinakili zote, na aanze na salamu.