Kuhama nyumba katikati ya mwaka: Namna ya kuwapatia watoto wote nafasi za shule

KODI ya nyumba haifuati kalenda ya shule. Mkataba wa upangaji uliolipiwa miezi sita au mwaka mzima huweza kufikia ukomo Aprili au Agosti. Barua ya uhamisho wa kikazi hufika mwezi wowote. Nyumba inayojengwa kidogo kidogo pembezoni mwa jiji nayo huwa tayari pale fedha za mabati na madirisha zinapopatikana.

Mwaka wa masomo nchini Tanzania, kwa upande wake, huanza Januari na kumalizika Desemba. Familia inayohama katikati ya kipindi hicho hulazimika kubisha hodi shuleni wakati madawati yamekwisha kugawanywa na majina ya watahiniwa yamekwisha kuandikishwa.

Mzazi mwenye mtoto mmoja huhangaika mara moja. Mwenye watoto watatu au wanne walio katika madarasa tofauti huhangaika mara tatu au nne, kwa kuwa kila mtoto huombewa nafasi yake na kila mmoja huwa na kumbukumbu zake.

Hali hiyo imezikumba familia nyingi tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza uamuzi wa kuhamia Dodoma. Watumishi walihama kwa awamu, na wengi wao walikuwa na watoto waliokwisha kuanza masomo Dar es Salaam. Wapo waliotangulia peke yao na kuziacha familia hadi shule zifungwe, na wapo waliohama na watoto wao wote kwa siku moja.

Mahitaji kama hayo yapo pia kwa wanaohama ndani ya jiji moja, kwa mfano kutoka Kinondoni au Ilala kwenda Chanika, Kivule, Goba au Bunju, ambako makazi mapya yameongezeka.

Nafasi kwanza, fanicha baadaye

Hatua ya kwanza ni kwenda katika shule inayokusudiwa kabla ya kufungasha vyombo. Mzazi aonane na mwalimu mkuu, amweleze idadi ya watoto na darasa la kila mmoja, kisha aulize kama nafasi zipo.

Swali la jumla kwamba "shule ina nafasi?" halitoshi. Darasa la Pili linaweza kuwa na nafasi wakati Darasa la Tano limefurika. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, na 25 kwa darasa la awali, lakini shule nyingi za Serikali mijini zimepita viwango hivyo kwa mbali. Mwalimu mkuu anayesita kupokea watoto watatu kwa mpigo mara nyingi huwa anahesabu madawati na walimu alionao.

Shule ikikubali, mzazi aombe jibu kwa maandishi kwa kila mtoto. Ahadi ya mdomo hupotea mwalimu aliyeitoa anapohamishwa au anapokuwa likizo.

Hatua ya pili ni kurudi katika shule ya zamani kuomba uhamisho. Kila mtoto huandaliwa uhamisho wake wenye saini ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule. Familia ikihama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, au kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, ofisi za elimu za pande zote mbili huhusika, na mzazi hana budi kutenga siku za kufuatilia.

Namba ya mtoto

Uhamisho wa karatasi pekee hautoshi. Kumbukumbu za wanafunzi sasa huhifadhiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), unaojulikana kwa kifupi PReM, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake. Jina la mtoto linapaswa kutoka katika orodha ya shule ya zamani na kuonekana katika orodha ya shule mpya.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama pasipo kujua. Mtoto hupokelewa, huvaa sare, hukaa darasani na kufanya majaribio ya kila wiki, huku katika mfumo akiwa bado ni mwanafunzi wa shule aliyoiacha. Kasoro hiyo hujitokeza wakati wa kuandikisha watahiniwa, na wakati huo shule ya zamani huenda iko mbali.

Kwa familia yenye watoto kadhaa hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mzazi akithibitisha jina la mmoja hudhani wote wamekamilika. Inafaa mzazi aziandike namba zote katika karatasi moja na kumwomba mwalimu wa shule mpya azihakiki moja baada ya nyingine.

Kuna sababu nyingine ya kuhakiki. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, fedha za ruzuku hupelekwa shuleni kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kiwango kilichopangwa ni Sh10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari. Shule iliyompokea mtoto ambaye jina lake limebaki kwingine hubeba mzigo pasipo fungu lake.

Anzia na mwenye mtihani

Wazazi wengi huanza kumtafutia nafasi mtoto mdogo, kwa kuwa ndiye anayewatia wasiwasi. Busara ni kuanza na aliye katika darasa la mtihani.

Mitihani na upimaji wa kitaifa hufanyika Darasa la Nne, Darasa la Saba, Kidato cha Pili na Kidato cha Nne. Namba ya mtahiniwa hufungamana na namba ya kituo, yaani shule aliyoandikishwa. Usajili ukishafungwa, kumhamisha mtahiniwa ni jambo gumu, hata kama shule mpya ina nafasi.

Kwa mtoto wa Darasa la Saba, ambaye hufanya mtihani Septemba, familia inayohama Mei au Juni inakabiliwa na uamuzi mzito. Njia moja ni kumwacha kwa ndugu au jamaa wa kuaminika amalize mtihani katika shule yake. Njia nyingine ni mzazi mmoja kubaki naye hadi Septemba. Kwa wanaohama kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024 imefupisha safari, hivyo mzazi aliyetangulia anaweza kurejea mwishoni mwa wiki.

Ikumbukwe pia kwamba nafasi ya Kidato cha Kwanza hupangwa kwa kuzingatia shule alikofanyia mtihani. Mtoto aliyefanya mtihani Temeke hapangiwi shule ya Dodoma kwa sababu tu wazazi wake wamehamia huko. Uhamisho wa sekondari huombwa upya.

Baada ya huyo, afuate mtoto mwenye mahitaji maalumu, kama yupo. Vitengo vya wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili havipo katika kila shule. Pale ambapo kitengo kipo mbali, mahali pa kupanga nyumba pachaguliwe kwa kukitazama kitengo hicho.

Shule moja au mbili?

Hakuna kanuni inayoilazimisha shule ya Serikali kumpokea mtoto kwa sababu tu kaka au dada yake anasoma hapo. Walimu wakuu wengi huielewa hoja ya ndugu kusoma pamoja, lakini mzazi hana budi kuieleza waziwazi na mapema.

Hoja yenyewe ni nzito. Mtoto wa darasa la awali au la kwanza huvuka barabara akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Watoto wa nyumba moja wakipelekwa shule mbili, mdogo huhitaji mtu mzima wa kumsindikiza, au nauli ya bajaji au bodaboda kila siku. Gharama hiyo huibatilisha nafuu ya kodi ndogo iliyoifanya familia ihame.

Ikiwa shule moja haiwezi kuwapokea wote, ni vema kuwagawa wawili wawili ili mdogo asiachwe peke yake. Pale ambapo mmoja tu amekosa nafasi, mzazi aulize ni lini darasa husika hupungua. Wapo wanafunzi wanaohama likizo ya Juni, na nafasi zao huwa wazi Julai.

Swali jingine linalosahaulika ni la zamu. Shule zenye uhaba wa vyumba hufundisha baadhi ya madarasa asubuhi na mengine mchana. Ndugu wawili wanaweza kuwa katika shule moja na wasikutane njiani hata siku moja. Mzazi aulize zamu ya kila darasa kabla ya kumpa mkubwa jukumu la kumwangalia mdogo.

Watoto wakiwa katika msingi na sekondari kwa pamoja, kutengana hakuepukiki. Shule za msingi za Serikali kwa kawaida huwa na darasa la awali, lakini sekondari ya kata huwa na eneo lake.

Wanaotoka shule binafsi

Kuhama mara nyingi hubadili pia mfuko wa familia. Mtoto aliyesoma shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza akihamishiwa shule ya Serikali atakuta masomo yakifundishwa kwa Kiswahili. Aliye Darasa la Pili huzoea haraka. Aliye Darasa la Sita atahitaji msaada wa misamiati ya hisabati na sayansi.

Deni la ada lisiachwe nyuma. Shule ya binafsi inayodai inaweza kuchelewesha ripoti na uhamisho wa watoto wote, hata kama deni ni la mmoja. Mzazi asiyeweza kulipa kwa mkupuo aombe makubaliano ya maandishi kabla ya siku ya kuhama.

Vitabu navyo viulizwe. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, na kupanda mwaka hadi mwaka. Ndugu waliopishana mwaka mmoja wanaweza kuwa katika mitaala miwili, hivyo kitabu cha mkubwa si lazima kimfae mdogo.

Kabati la nyaraka

Kwa kila mtoto, mzazi aandae bahasha yenye nakala ya cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, ripoti za mihula iliyopita, namba ya PReM, karatasi ya uhamisho na barua ya kukubaliwa. Kwa anayeingia awali, kadi ya kliniki husaidia kuthibitisha umri. Bahasha hizo zisafiri mkononi, zisipakiwe kwenye lori la mizigo.

Sare haipaswi kuwa kikwazo cha siku ya kwanza. Shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu hutumika katika shule nyingi za msingi za Serikali. Kinachotofautiana aghalabu ni sweta. Ada hailipwi katika shule hizo, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango wa hiari.

Nafasi ikikosekana kabisa, mzazi aende kwa Afisa Elimu Kata, ambaye anazifahamu shule za eneo lake na idadi ya wanafunzi wake. Asiporidhika, afike ofisi ya elimu ya halmashauri. Elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, na wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shule ni wa mzazi.

Wiki mbili za kukaa nyumbani hulipika kwa jitihada. Miezi miwili humweka mtoto nyuma ya wenzake katika hesabu na kusoma, na kwa wavulana na wasichana wa madarasa ya juu huwa ndiyo njia fupi ya kuingia katika biashara ndogondogo na kutorudi tena darasani.