Kijiji cha Uhuru cha Bagamoyo: Historia Yake na Mafunzo kwa Familia za Visiwani

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Wazazi wa Unguja na Pemba wametuuliza zaidi ya mara moja kuhusu ziara za skuli zinazokwenda Bagamoyo. Watoto hurudi na habari za "Kijiji cha Uhuru" kilichojengwa na mapadri kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mzazi hajui amjibu nini mwanawe. Wako wanaodhani ni hadithi ya kuwatukana Waislamu, na wako wanaoona haya hata kuizungumza. Tumeona bora tuieleze habari hii kwa utaratibu, kisha tutaje yanayotuhusu katika dini yetu.

Mrima kabla ya 1868

Pwani inayotazamana na Unguja, kuanzia Bagamoyo kupita Saadani hadi Pangani, ilikuwa nchi ya Uislamu kwa karne nyingi. Ushahidi upo Kaole, mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo, ambako magofu ya msikiti na makaburi yanarudi nyuma hadi karne ya 13. Katika karne ya 19 wenyeji wa Bagamoyo walikuwa Washomvi, ambao masimulizi yao yanawanasibisha na Barawa, pamoja na Wazaramo, na juu yao alikuwepo liwali wa Sultani wa Zanzibar. Saadani ilikuwa na mtawala wake, Bwana Heri, Muislamu aliyekuwa na nguvu juu ya Wazigua.

Bandari hizi mbili ndizo zilizokuwa milango ya misafara ya bara. Wapagazi waliteremka na pembe za ndovu, na pamoja nao waliteremshwa binadamu waliotekwa au kununuliwa, wakavushwa kwa majahazi hadi soko la Unguja. Wengine walibaki Zanzibar kwenye mashamba ya karafuu na minazi, wengine wakasafirishwa mbali zaidi. Haya tunayataja mwanzo kwa sababu bila ya soko lile kijiji tunachokizungumza kisingekuwa na wakaazi.

Wageni walitoka wapi

Mwezi wa Disemba 1860 padri wa Kifaransa, Armand Fava, alifika Unguja akitokea kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadri wenzake na masista. Walifungua hospitali na karakhana za ufundi. Mwaka 1863 kazi hiyo ilishikwa na shirika la Mapadri wa Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner. Walikuwa wachache sana katika mji wa Waislamu, na waliishi kwa idhini ya Sultani Majid bin Said, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1870.

Fedha za wahisani wao wa Ulaya walizitumia kununua watoto sokoni na kuwalea katika dini yao. Watoto walipoongezeka, mji wa Unguja ukawa mdogo kwao. Walihitaji ardhi ya kulima ili jamii yao ijilishe yenyewe. Mwezi wa Machi 1868 walihama, wakavuka bahari hadi Bagamoyo, wakapata ardhi kaskazini ya mji. Ikawa ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya zama zile kwenye mrima wa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara.

Kijiji kilivyopangwa

Kijiji hakikuota chenyewe kama vijiji vyetu, ambapo mtu hujenga karibu na nduguye na njia ikajipitia baadaye. Hiki kilipangwa tangu mwanzo. Kulikuwa na nyumba ya mapadri, nyumba ya masista, kanisa, skuli, karakhana na mashamba ya minazi na mazao ya chakula. Wavulana walifundishwa kulima, useremala, uhunzi na uashi. Wasichana walikuwa chini ya masista. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, na kila mume na mke wakapewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji walichokiita kwa jina la Mtakatifu Yusufu. Hicho ndicho watu wanachokiita leo Kijiji cha Uhuru.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja na mrima, na kijiji hakikusalimika. Kisha mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilipiga Bagamoyo pia, kikabomoa majengo mengi ya misheni. Wakajenga upya. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini, lakini magendo yaliendelea, na manuari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi na kuwagawa waliookolewa kwa mamisheni.

Bagamoyo haikubaki peke yake. Wamishionari wa Kianglikana walianzisha makaazi kama hayo Mbweni, hapa kwetu Unguja, na baadhi ya waliokombolewa wakahamishiwa Masasi mwaka 1876. Mwaka 1875 palianzishwa Frere Town, Kisauni, Mombasa. Kwa hiyo anayepita Mbweni leo anapita kwenye historia hiyo hiyo.

Uhuru na mipaka yake

Uadilifu unatutaka tuseme mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mtoto aliyekombolewa alitolewa katika mnyororo, akapata chakula, dawa, ufundi, mke au mume na paa juu ya kichwa chake. Hilo ni jambo kubwa, na kulikanusha ni dhulma.

La pili, uhuru ule ulikuwa na uzio. Aliyekombolewa hakuulizwa dini anayoitaka. Alifanya kazi katika mashamba ya misheni kwa ratiba isiyokuwa yake, ndoa yake ilipangwa, na saa zake zilifuata kengele. Baadhi walilalamika, na wapo waliotoroka. Wengine walihamishwa kwenda kuanzisha vituo vya bara, kama Mhonda mwaka 1877, kwa sababu mpango wenyewe tangu awali ulikuwa kuwatumia wakaazi wa kijiji kuieneza dini ile. Anayesimulia upande mmoja tu, ama wa kusifu ama wa kulaumu, hajakamilisha ushahidi wake.

Wakati wa vita, 1888 hadi 1890

Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani, watu wa mrima walisimama. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akaongoza Saadani. Mwezi wa Januari 1889 wapiganaji walishambulia kituo cha wamishionari wa Kijerumani huko Pugu, na baadhi yao wakauawa. Lakini misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa na mapadri wa Kifaransa chini ya Padri Etienne Baur, haikuvunjwa, ingawa vita vilikuwa mlangoni mwake. Watu wengi wa mji walikimbilia humo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakahifadhiwa.

Jambo hili linafaa kuzingatiwa. Jamii ile ilikuwa imekaa miaka ishirini jirani na Waislamu, ikiuza na kununua nao na kuwatibu wagonjwa wao. Wapiganaji waliweza kutofautisha baina ya jirani wa dini nyengine na jeshi lililokuja kuchukua nchi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890, baada ya Saadani kupigwa na kuharibiwa. Leo Saadani ni kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi ya taifa, na wengi wanaijua kwa wanyama tu.

Njia ya Sheikh Ramiya

Watoto wetu wakionyeshwa Kijiji cha Uhuru, waonyeshwe pia zawiya ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, katika mji huo huo. Naye aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Bwana wake alikuwa Amir bin Suleiman al-Lamki, aliyekuwa liwali wa Bagamoyo. Alipata uhuru, akafanya biashara, akawa na mashamba ya minazi, na juu ya yote akatafuta elimu. Akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, akafundisha, na Bagamoyo ikawa kituo ambacho watu wa bara na pwani walikuja kusoma na kuhudhuria maulidi. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya akashika nafasi yake.

Katika zawiya ile waungwana na waliokuwa watumwa walikaa mkeka mmoja, na aliyekaa mbele yao kufundisha alikuwa mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu. Hili lilikuwa jibu la Uislamu lililotoka ndani ya Bagamoyo. Lakini tujiulize kwa ukweli: akina Ramiya walikuwa wangapi, na wangapi waliachwa sokoni mpaka wageni wakaja kuwanunua?

Yanayotuhusu katika dini

Kwanza, haki ya wachache wanaohama. Waislamu wa mwanzo walikuwa wachache waliohama. Walikwenda Uhabeshi, wakalindwa na mfalme Mkristo. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliandika mkataba uliowahifadhi Mayahudi katika dini yao na mali zao. Aliyeruhusiwa kukaa, akakaa kwa amani, ana haki ya amani. Hatufungamani naye katika itikadi yake, wala hatumdhulumu.

Pili, ukombozi wa watumwa ni wajibu uliotajwa katika Kitabu chetu. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na moja ni "riqab", yaani kuzikomboa shingo. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya kuua kwa makosa, ya dhihari na ya kiapo. Mlango huu ulikuwa wazi kwa matajiri wa pwani yetu. Wapo walioupita, wakawaacha watumwa wao huru kwa wasia au kwa kutaka radhi za Allah. Lakini soko lilibaki wazi mpaka lilipofungwa kwa shinikizo la manuari, na hali ya utumwa ikaendelea kutambulika kisheria Zanzibar hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922. Zaidi ya hayo, wengi walioletwa walikuwa watu huru waliotekwa katika uvamizi, na kumuuza mtu huru ni haramu. Onyo lake katika hadithi za Mtume (S.A.W.) ni kali. Hatuna haja ya kutetea lisilotetewa na sheria yetu. Kosa lilikuwa la wafanyaji, na Uislamu hauwi na kosa kwa sababu wafanyaji waliswali.

Tatu, kuzuru mahali pale. Makumbusho si kanisa, na kuingia humo kwa ajili ya kujifunza hakuna ubaya. Ama kanisa lenyewe, maulamaa wamekhitilafiana: Mahanafi wamechukia, baadhi ya Mashafi wameshurutisha idhini ya wenyewe na wakazuia palipo na masanamu, na Mahanbali wengi wameruhusu. Kwa watoto, tunanasihi watosheke na makumbusho, makaburi na kijiji, wawe na mwalimu Muislamu anayejua historia, na wasishiriki ibada yoyote. Na ziara isimalizike bila ya kufika Kaole na zawiya ya Sheikh Ramiya.

Nne, na hili ndilo zito zaidi kwetu leo. Bado katika nyumba zetu posa hukataliwa kwa neno la siri: "Babu yao alikuwa mtumwa." Ni kweli kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu wameizungumza kafaa. Lakini kafaa ni haki ya bibi harusi na walii wake, nao wanaweza kuisamehe, na ndoa ikasihi. Haikuwekwa iwe silaha ya kumvunjia heshima Muislamu. Mtume (S.A.W.) alimuoza Zaid bin Haritha, aliyewahi kuwa mtumwa, kwa binti shangazi yake, Zainab bint Jahsh. Akamshauri Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mtoto wa Zaid huyo huyo. Kijana akija na dini na tabia njema, mzazi asimrudishe kwa ajili ya jahazi lililomleta babu yake. Wa kuona haya ni aliyelipakia jahazi lile.

Mtoto akirudi kutoka Bagamoyo na maswali, tusimnyamazishe. Tumwambie kwamba jamii ndogo ya wageni ilihama kutoka kisiwani kwetu, ikapanga kijiji, ikakijaza watu waliouzwa sokoni kwetu. Tumwambie pia kwamba katika mji ule ule mtoto mwengine aliyeuzwa aliishia kuwa sheikh, na watu wakamfuata. Kisha tumfundishe aya ya zaka, na tumuulize: leo ni nani aliyefungwa katika mtaa wetu kwa deni, kwa ufukara au kwa kazi isiyolipwa, na sisi tunampita?

Tunamuomba Allah atuongoze kwenye haki, awarehemu waliodhulumiwa katika pwani yetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokomboa shingo na si wanaozifunga.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.