San Francisco iliokoa nyumba, wakazi wakaachwa

Watalii wanaofika San Francisco hawakosi kupita Steiner Street, wakapiga picha nyumba saba zinazotazama bustani ya Alamo Square, kila moja na rangi yake. Mkandarasi Matthew Kavanaugh alizijenga kati ya 1892 na 1896, Malkia Victoria akiwa bado hai. Ni nyumba za kupendeza, lakini ukiishia hapo hujaujua mtaa zilimo, Western Addition.

Viwanja vyake vilikuwa vyembamba, kwa hiyo mafundi walijenga kwenda juu na kuchomoza madirisha nje ya ukuta ili chumba kipate nafasi na mwanga. Mbao zilikuwa za mti wa redwood kutoka misitu ya California, na nakshi zake zilichongwa kwa mashine viwandani. Tetemeko la Aprili 18, 1906 lilipowasha moto uliounguza jiji kwa siku tatu, majengo ya kando ya Van Ness Avenue yalilipuliwa kwa baruti ili moto ukose njia. Sehemu kubwa ya Western Addition ikapona.

Wajapani walihamia huko kwa wingi, wakafungua maduka. Februari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rais Roosevelt akatia saini amri iliyowapeleka kambini, wakiwamo waliozaliwa Marekani. Vyumba walivyoviacha vikajaa Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya kusini, kama Texas na Louisiana, kufanya kazi kwenye viwanda vya meli. Mwaka 1940 jiji lilikuwa na watu Weusi 4,846. Kufikia 1950 walikuwa 43,460. Wengi walibanana eneo la Fillmore, ndani ya mtaa huu, kwa sababu kwingineko walinyimwa nyumba kwa rangi yao. Wakajenga maisha: makanisa, saluni, mikahawa, na kumbi za jazi zilizokesha hadi alfajiri.

Kisha jiji likasema mtaa umechakaa. Nyumba nyingi zilikuwa zimechakaa kweli, maana zilijaa watu kupita kiasi na hazikukarabatiwa. Lakini dawa iliyochaguliwa, kuanzia miaka ya 1950, ilikuwa tingatinga. Inakadiriwa nyumba 2,500 za enzi ya Malkia Victoria zilibomolewa, na maelfu ya familia zikahamishwa. Walipewa vyeti vya kutangulizwa nyumba mpya zikijengwa, ila baadhi ya viwanja vilikaa vitupu miaka mingi, na wengi hawakurudi. Wakazi hawakunyamaza. Walijiunga katika umoja wao, WACO, wakaupeleka mradi mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakapata amri ya kuusimamisha kwa muda. Baadaye ubomoaji ukaendelea.

Shirika la uhifadhi la San Francisco Heritage lilianzishwa 1971. Mwaka 1974, likishirikiana na wakala uliokuwa ukiendesha ubomoaji huo, liliokoa nyumba 12. Zilitenganishwa na misingi yake, zikapakiwa kwenye matela na kukokotwa barabarani hadi viwanja vipya. Naistahi kazi ya mafundi wale. Hata hivyo, siwezi kuusifu uhifadhi uliobeba nyumba nzima salama ilhali wapangaji wake walishaondolewa.

Jengo moja limepitia yote haya. Lilipokuwa Post Street lilikuwa na duka la dawa la Mjapani. Baada ya vita likawa ukumbi wa Bop City, walikopiga wanamuziki kama Charlie Parker na John Coltrane. Liliponusurika kubomolewa, lilihamishiwa Fillmore Street, likawa makao ya Marcus Books, duka la vitabu la Wamarekani Weusi lililopewa jina kwa heshima ya mwanaharakati Marcus Garvey. Mwaka 2014 jiji lililitangaza jengo hilo kuwa turathi rasmi. Mwaka huohuo Marcus Books ikaondolewa humo, kwa kuwa tangazo la turathi lililinda jengo, si mpangaji wake.