Mashine ya kuosha mazulia nyuma ya gari: badilisha kidogo mapema, uokoe kikubwa

Mwezi wa Shaaban ukiingia, simu za vijana wa kuosha mazulia hazinyamazi. Misikiti yataka mazulia yawe safi kabla ya Ramadhani, na majumbani nako kila mtu ataka la sebuleni lipate zamu. Wengi bado hutumia mashine ndogo za kusukuma kwa mkono, lakini wako waliopanda ngazi wakafunga mashine kubwa nyuma ya gari, ya injini ya petroli, inayochemsha maji, kuyapiga kwa presha na kuyafyonza kwa mipira mirefu.

Mimi kazi yangu ni kuzitengeneza. Kwa niliyoyaona, mashine hizi haziuawi na kazi. Huuawa na chumvi, maji, na spea ya bei nafuu iliyoachwa mpaka ikala spea ya bei ghali. Na hasara haiishii kwa mwenye mashine. Mashine iliyochoka kufyonza huacha zulia limelowa, na kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani halichukui muda kuvunda. Hapo waumini husujudu juu ya harufu, na kamati ya msikiti haikuiti tena.

Asili ya mashine hizi ni Marekani. Vitabu vyake huonya sana kuhusu maji kuganda kwa baridi. Sisi onyo hilo halituhusu; letu ni kutu. Basi nitaeleza kifaa kimoja kimoja, kwa hali ya huku kwetu.

Bloa

Hii ndiyo inayovuta hewa, na ndiyo spea ya kuogopa kuliko zote kwa bei. Ndani yake mna rota mbili zinazozunguka karibu karibu bila kugusana. Upenyo kati yake ni mdogo mno, na mle ndani hamna oili. Oili iko upande wa gia peke yake. Kutu kidogo tu au mchanga ukiingia, upenyo huzibika na bloa hukwama.

Dawa yake ni dakika chache kila jioni. Kazi ikiisha, toa maji yote tangini, kisha iache mashine ivute hewa kavu kwa dakika tano hivi. Halafu, ingali inanguruma, pulizia mafuta ya kuzuia kutu kwenye tundu la kuvutia lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukizima bloa ina maji ya chumvi ndani, asubuhi usishangae ikikataa kuzunguka. Kiwango cha oili ya gia kitazame kila siku kabla ya kuwasha. Kama upande wa pili una beringi za grisi, zipe grisi kwa masaa yaliyoandikwa kitabuni.

Tangi la maji machafu

Ndani ya tangi mna floti ya kuzima injini likijaa. Kifaa hicho kidogo ndicho mlinzi wa bloa. Kila wiki iinue kwa mkono injini ikiwa inakwenda; isipozima, usitoke kazini mpaka uibadilishe. Jihadhari pia na povu. Povu halina uzito wa kuinua floti, hupita juu yake likaingia kwenye bloa, kwa hivyo tumia dawa ya kuua povu. Filta ya tangini ioshe kila siku, maana nyuzi za zulia huiziba upesi.

Pampu ya presha

Pampu hizi nyingi ni za pistoni tatu, jamaa moja na za kuoshea magari. Mazulia hayahitaji presha kubwa. Pauni 300 hadi 500 kwa inchi mraba zatosha kwa kazi nyingi. Cat Pumps, mmoja wa watengenezaji wakubwa, hutaka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya masaa 50, kisha kila masaa 500.

Pampu husema kabla haijafa. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamepenya. Maji yakidondoka chini ya kichwa cha pampu, sili zimekwisha. Sindano ya geji ikirukaruka, huenda valvu imekwama au pampu yavuta hewa. Ukifungua, badilisha sili zote tatu kwa pamoja, na zikague pistoni za kauri. Yenye ufa au mkwaruzo itakata sili mpya kwa siku chache. Tena usiiendeshe pampu kavu.

Mikanda

Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya pulei mbili. Ukibonyea kiasi cha nusu inchi, uko sawa. Vumbi jeusi likizagaa karibu yake, mkanda wateleza au pulei hazikunyooka. Ikiwa ni miwili, badilisha yote miwili, kwani mpya na mkongwe hawabebi mzigo sawa. Usiikaze kupita kiasi, utaumiza beringi.

Nozeli na mipira

Nozeli ndiyo spea ya bei ndogo inayosahauliwa kuliko zote. Tundu hupanuka polepole, maji yakazidi, presha ikashuka, zulia likalowa kupita uwezo wa bloa. Soma namba yake. Iliyoandikwa 11002 hufungua maji kwa pembe ya digrii 110, na hutoa galoni 0.2 za Kimarekani kwa dakika katika presha ya pauni 40. Ukibadilisha, rudisha namba ile ile. Za chuma cha pua hudumu kuliko za shaba nyeupe.

Mpira wa presha uliovimba utupe. Maji yanayopita humo yaweza kukaribia kuchemka, na ukipasuka mkononi mwa kijana hautamwacha salama. Mpira wa kufyonza nao usikilize: palipo na mluzi pana tundu. Utepe ni wa kumalizia kazi ya siku hiyo, si matengenezo.

Mahali pa kupashia maji

Miji yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa na chumvi. Litazame birika la nyumbani kwako; ule utando mweupe ndio unaoota ndani ya mabomba ya mashine yako. Maji yakipungua kwenye fimbo hali nozeli ni safi, pitisha dawa ya kuondoa chokaa, kisha suuza sana. Ukiweza, jaza tangi kwa maji ya mfereji au ya mvua.

Injini

Hesabu masaa, si kilomita. Kwa injini nyingi hizi, oili ni kila masaa 100, na kwenye vumbi filta ya hewa ikaguliwe mapema zaidi. Muhimu kuliko spea zote: gari liegeshwe nje, mbali na madirisha, moshi uelekee upepo unakokwenda. Moshi huo una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua. Usiwashe mashine ndani ya gereji wala ukumbi uliofungwa.

Kununua spea

Wauzaji wengi wa mashine hizi hawatengenezi bloa wala pampu wenyewe. Kila kimoja kina kibati chake chenye jina na namba. Piga picha vibati hivyo kabla kutu haijavila, na ununue kwa namba, si kwa kufananisha kwa macho. Ndani ya gari weka kisanduku chenye sili za pampu, pete za mpira zinazostahimili joto, nozeli mbili, mkanda, floti na pulagi. Weka na daftari la masaa: leo nimebadilisha nini, mita yasoma ngapi.

Vitu vyote hivyo haviifikii bei ya bloa moja. Shaaban ikikukuta navyo, utapokea simu zote bila wasiwasi, na mazulia utakayoyaacha yatakauka kabla ya adhana ya pili.