Songea, mji ambao umeshapoteza lugha mara moja

Ukitaka kuiona Songea ikijikumbuka, njoo mwishoni mwa Februari, eneo la Mahenge, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini hapa, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawazika katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, naye ana kaburi lake peke yake. Kila mwaka kuna kumbukizi: maombi, mashada ya maua, hotuba za wakubwa, halafu ngoma.

Mimi ni mtu wa habari, na hotuba nimeshazizoea. Ninachosubiri ni lizombe. Ikianza, hata aliyekuja kwa kutumwa na ofisi anasogea mbele. Lakini hebu muulize kijana aliye jirani yako wanaimba nini. Mara nyingi jibu ni moja tu: "Hicho Kingoni cha wazee."

Jibu hilo linanipa wasiwasi, kwa sababu mji huu umeshapoteza lugha mara moja.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, kwenye vurugu za enzi za Shaka, kundi kubwa likiongozwa na Zwangendaba. Walisema Kinguni, ndugu wa Kizulu. Kila walikopita waliteka watu na kuwaingiza katika jeshi na katika familia zao. Waliofika huku Ungoni wakaoa, na watoto wakalelewa na mama waliosema lugha za wenyeji. Haukupita muda mrefu, Kinguni kikaisha vinywani. Kingoni cha leo kimejengwa zaidi juu ya lugha za huku, na cha zamani kimebaki vipande vipande: nkosi, nduna, majina ya koo, maneno ya sifa. Wala hakuna aliyekipiga marufuku. Watu waliendelea tu na maisha.

Sasa tuangalie maandishi. Mwaka 1969 zilitoka kazi mbili kuhusu vita ile. Ya kwanza ni tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ambayo wengi wetu tumeisoma shuleni. Ni kazi kubwa, ila kitovu chake ni upande wa Rufiji, maji yalikoanzia. Ya pili ni kijitabu cha Mapunda na Mpangara kuhusu Majimaji hapa Ungoni penyewe, kilichotokana na utafiti wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Hicho kilitoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Songea anamjua Kinjeketile vizuri kuliko anavyomjua Mputa, aliyenyongwa kwenye mji wake.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho hapo akaomba msamaha. Familia ya Mbano bado inalisubiri fuvu la babu yao, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Wana haki, na lazima litafutwe. Lakini nyimbo hazijaenda Ujerumani. Ziko hapa hapa, kwa wazee wanaopungua kila mwaka, na kuzipata hakuhitaji ubalozi. Inatosha daftari, simu ya kurekodi, na mtu anayekijua Kingoni vizuri.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Kwenye kumbukizi ijayo, pamoja na ratiba ya wageni rasmi, tugawiwe kijitabu chenye maneno ya nyimbo zitakazochezwa siku hiyo: Kingoni upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na majina ya wazee waliozitoa. Yule kijana aliye jirani yangu akisome wakati ngoma inalia. Akiupenda wimbo mmoja tu, akarudi nao nyumbani kumuuliza bibi yake, tayari Kingoni kimepata mtu mwingine wa kukisema.